Kanisa la Kale Kwenu: Lina Thamani Gani, na Ufanye Nini Kabla Fundi Hajafika

Huenda wewe ni mzee wa kanisa, au mama wa Guild (chama cha wanawake kanisani), au kijana tu uliyebatizwa katika kanisa la mawe ambalo babu yako alibatizwa humo pia. Sasa waumini wameongezeka, nusu yao wanasalia nje chini ya hema kila Jumapili, na kamati ya maendeleo imetangaza harambee. Mtu mmoja amesimama akapendekeza kanisa la zamani libomolewe. Mwingine amesema lipigwe plasta na rangi lionekane jipya. Wewe umenyamaza, lakini moyoni hujaridhika. Makala haya ni yako.

Tuanze na swali ambalo kamati itakuuliza kwanza: hili jengo lina nini hasa? Jengo huitwa urithi likiwa na jambo ambalo likivunjwa halirudi. Linaweza kuwa tukio lililotokea hapo, au ufundi wa mikono iliyolijenga, au namna watu wa eneo hilo walivyoishi kulizunguka, au ibada yenyewe iliyofanyika humo vizazi na vizazi. Halihitaji kuwa na umri wa mamia ya miaka wala kuwa kubwa. Katika nchi yetu ya Kenya, jengo la mwaka 1930 linaweza kubeba mengi kuliko ngome.

Chukua Thogoto, Kikuyu, kaunti ya Kiambu, yapata kilomita 20 magharibi mwa Nairobi. Hapo lipo Kanisa la Mwenge, ambalo wengi hulifahamu kwa jina lake la Kiingereza, Church of the Torch. Ni la PCEA, yaani Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, na lilijengwa enzi za ukoloni, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ukilitazama kwa haraka utaona kanisa la mawe, basi. Ukiuliza maswali, ndipo hadithi inapofunguka.

Wamisionari wa Kiskoti walioanzisha kanisa hili hawakuanzia Kikuyu. Mwaka 1891 walipiga kambi Kibwezi, kwenye njia ya kwenda bara, wakiongozwa na James Stewart aliyekuwa ametoka Lovedale, Afrika Kusini. Homa za Kibwezi ziliwamaliza mmoja baada ya mwingine, na mwaka 1898 Thomas Watson akaihamishia misheni nyanda za juu. Hakukaa sana, alifariki mwaka 1900. Mkewe Minnie, aliyekuwa ameolewa naye kwa muda mfupi tu, alikataa kurudi kwao. Alibaki akifundisha watoto hadi 1931, wenyeji wakimwita Bibi wa Ngambo, na alipofariki Uskoti mwaka 1949 majivu yake yaliletwa Thogoto yazikwe karibu na mumewe. Kwa hiyo ukihesabu thamani ya mahali pale, usiishie kwenye kuta. Makaburi nayo yamo kwenye hesabu. Shule zimo, hospitali imo, hata njia ya miguu inayounganisha vitu hivyo.

Mwaka 1913 misheni ya Thogoto ilitikisa dunia ya Wakristo. Waprotestanti wa madhehebu mbalimbali walikutana hapo kuzungumzia kushirikiana, na mwishoni wakala Meza ya Bwana pamoja katika kanisa la Waskoti. Frank Weston, askofu wa Kianglikana wa Zanzibar, alipopata habari alighadhibika. Aliwashtaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa uzushi, yaani kufundisha kinyume cha imani, na ugomvi ukafika kwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Fikiria: meza moja ya ibada katika kijiji cha Kikuyu ikazungumzwa London. Habari ya namna hii ndiyo unayotakiwa kuitafuta kuhusu kanisa lenu, hata kama ukubwa wake ni wa kata moja tu.

Lakini utafute kwa makini. Utasikia watu wakisema Mzee Jomo Kenyatta alibatizwa ndani ya Kanisa la Mwenge. Kenyatta alifika misheni ya Thogoto mwaka 1909 akiwa kijana, na akabatizwa Agosti 1914 kwa jina la Johnstone. Jengo la sasa halikuwepo. Alibatizwa na misheni hiyo, katika jengo lililotangulia hili. Huenda ukaona ni jambo dogo, ila ukiliandika kimakosa kwenye barua ya kuomba kanisa lilindwe, ofisa wa kwanza atakayelinganisha tarehe ataishuku barua yote.

Je, tuandike na yale yanayouma? Ndiyo, na pengine hayo ndiyo yenye uzito zaidi. Miaka ileile Kanisa la Mwenge lilipokuwa likisimamishwa, mwaka 1929, misheni chini ya Dkt. John Arthur ilidai waumini watie kidole kukana tohara ya wasichana. Wengi walikataa, si lazima kwa kupenda tohara, bali kwa kuona wageni wanaingilia mila na ardhi kwa pamoja. Wakaondoka. Wakaanzisha shule zao na makanisa yao huru, na harakati hizo zikalisha siasa ya Uhuru kwa miaka iliyofuata. Jengo lililopita katika kipindi hicho ni shahidi wa pande zote mbili, waliobaki na waliotoka. Kamati inayotaka kuandika sifa tupu za wamisionari itapata maandishi mafupi na ya uongo.

Na waliolijenga walikuwa nani? Bamba la ukumbusho mara nyingi hutaja mchungaji aliyefungua jengo na mfadhili aliyetoa pesa. Waliochonga mawe hawamo. Mfano mzuri ni wa Malawi: kanisa la Mtakatifu Mikaeli na Malaika Wote mjini Blantyre, lililojengwa kati ya 1888 na 1891 chini ya David Clement Scott, mchungaji Mskoti ambaye hakusomea uchoraji wa majengo hata siku moja. Matofali yalifinyangwa na kuchomwa papo hapo, na mafundi wenyeji wakajifunza matao, minara na kuba huku wakijenga. Scott huyohuyo ndiye aliyekuja Kikuyu mwaka 1901 kuongoza misheni, na akafia huko 1907. Picha yake haitakosekana. Majina ya mafundi wa Blantyre utayatafuta kwa tochi. Kwenu bado inawezekana kuyapata, maana yupo mjukuu anayejua kwamba babu yake alikuwa akivuta mkokoteni wa mawe kutoka machimboni.

Basi utaanzaje? Tenga Jumamosi moja. Chukua simu yenye kamera, futi kamba ya mita 30, daftari na kijana mmoja wa kukushikia upande wa pili. Gharama yake ni chai ya huyo kijana. Zunguka jengo kwa nje kisha kwa ndani, piga picha kila ukuta, kila dirisha, kila mlango, paa, sakafu, kengele, mimbari (pale mchungaji anapohubiri) na birika la ubatizo. Piga picha maandishi yote: jiwe la msingi, mabamba ya shaba, majina kwenye viti, hata tarehe iliyokwaruzwa na mtoto mtundu. Weka kitu cha kulinganisha ukubwa, kwa mfano rula, ndani ya picha za karibu. Halafu pima urefu, upana na unene wa kuta, uchore mchoro wa kawaida. Usijali ukipinda. Hifadhi nakala tatu: kwenye simu, kwenye kompyuta ya ofisi ya parokia, na karatasi zilizochapwa ndani ya faili.

Baada ya hapo nenda kwa wazee wenye umri mkubwa kabisa. Wasiulizwe pamoja, kwa sababu mmoja akisema, wengine huitikia. Muulize kila mmoja kwake: jengo lilianza lini, kabla yake mlisali wapi, mawe yalitoka wapi, nani alikataa kuja, wakati wa Hali ya Hatari ya miaka ya 1950 palitokea nini hapa. Omba ruhusa kabla ya kurekodi, na kama kuna jambo hataki litolewe, liache. Kisha omba katibu wa parokia akufungulie vitabu vya ubatizo, ndoa na mihtasari ya baraza la wazee. Mihtasari hiyo ndiyo dhahabu. Humo ndimo utakuta nani alichanga mbuzi, nani alichanga siku tatu za kazi, na bati zilinunuliwa lini.

Ukihitaji zaidi, nenda Hifadhi ya Nyaraka ya Kitaifa, Moi Avenue, Nairobi, ng'ambo ya sanamu ya Tom Mboya. Beba kitambulisho. Kuna ada ndogo ya msomaji. Mweleze mhudumu jina la misheni, wilaya kama ilivyoitwa wakati huo na miaka unayoitafuta, naye atakuelekeza kwenye orodha. Kumbukumbu nyingi za wamisionari wa Kanisa la Scotland ziko Edinburgh, katika Maktaba ya Taifa ya Scotland. Huna haja ya nauli ya ndege. Kama una mwanao au jirani anayesoma huko, mtume.

Sasa andika ukurasa mmoja. Wataalamu huuita taarifa ya umuhimu, maana yake ni maelezo mafupi ya kwa nini jengo hili lisipotee. Aya ya kwanza iseme ni jengo gani, liko wapi, lilijengwa lini na kwa vifaa gani. Ya pili, mambo yaliyotokea humo na watu waliohusika. Ya tatu, linatumikaje leo na ni sehemu zipi zisiguswe kabisa. Hiyo ya tatu wengi huisahau, na ndiyo fundi atakayoihitaji. "Kanisa letu ni zuri na la kihistoria" haimsaidii mtu. "Madirisha sita ya upande wa kusini yana mbao zake za asili, na jiwe la msingi liko kona ya mashariki" inamsaidia.

Swali la sheria sasa. Je, kanisa la zamani linalindwa lenyewe tu kwa kuwa ni la zamani? Hapana. Kenya ina Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Urithi ya mwaka 2006. Kwa sheria hiyo, vitu vinavyohamishika vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895 huhesabiwa kuwa vya kale moja kwa moja. Hesabu kidogo: misheni ilifika Kikuyu 1898, kwa hiyo kengele, vikombe vya Meza ya Bwana na viti vilivyotengenezwa kwa ajili yake baada ya hapo havimo ndani ya ulinzi huo wa moja kwa moja. Ninyi wenyewe mviandike kwenye rejista, kimoja kimoja, pamoja na picha. Vitu vya namna hii hupotea siku ya usafi, vikitupwa au kuuzwa kama vyuma chakavu na mtu mwenye nia njema kabisa.

Jengo lenyewe hulindwa pale waziri anayehusika na urithi anapolitangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali. Njia ya kufika huko ni hii. Baraza la wazee likubaliane na liandike kwenye muhtasari. Msiishie hapo, kwa sababu ardhi za makanisa mengi haziko kwa jina la parokia. Ziko kwa wadhamini wa kanisa zima. Angalieni hatimiliki inasema nini, na wadhamini watoe idhini kwa maandishi. Kisha mwandikie Mkurugenzi Mkuu wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, ambayo makao yake ni Museum Hill, Nairobi. Ambatisha ule ukurasa mmoja, picha, mchoro wenye vipimo na nakala ya hatimiliki. Barua kama hiyo haina ada. Maofisa watakuja kukagua, na wakiridhika watampelekea waziri pendekezo. Tangazo likishatoka, mwenye pingamizi hupewa miezi miwili ya kulileta. Kwa hiyo majirani na waumini waambiwe mapema, wasilione jambo hili gazetini kwa mara ya kwanza. Msitarajie liishe kwa mwezi mmoja. Wekeni nakala ya kila barua, iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Najua kinachofuata: "Serikali itatunyang'anya kanisa?" Haitalinyang'anya. Mwenye mali hubaki mwenye mali, na ibada huendelea. Kinachobadilika ni kwamba huwezi kubomoa, kuongeza au kubadilisha sura ya jengo bila idhini. Na msidanganywe na mtu yeyote kwamba kutambuliwa huleta pesa za ukarabati papo hapo. Mara nyingi mzigo wa kutengeneza paa hubaki kwa waumini. Binafsi naona bado inafaa, hasa pale ambapo barabara au mjenzi wa maghorofa ananyemelea kiwanja, ila kamati iingie ikijua.

Msomaji wa Tanzania, kwenu kipimo ni tofauti. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, kwa hiyo karibu makanisa yote ya enzi za Wajerumani na Waingereza yanahitaji tangazo la waziri ndipo yalindwe. Anzia Idara ya Mambo ya Kale. Kazi ya picha, vipimo na wazee ni ileile.

Tuje kwenye ukarabati, maana hapa ndipo urithi mwingi hufa bila mtu kukusudia. Adui wa kwanza ni maji. Kabla ya kuchanga pesa za rangi, panda ngazi kabla ya mvua za Machi na tena kabla ya zile za Oktoba, usafishe gata, yaani mifereji ya paa. Badilisha bati au kigae kilichovunjika. Hakikisha maji ya paa yanaangukia mbali na msingi. Mche wa mgumo ulioota kwenye ufa ung'olewe ukingali mdogo. Ukikomaa, mizizi itapasua ukuta. Vibarua wawili wa siku moja, mara mbili kwa mwaka, watawaokolea gharama ya paa zima. Kagua mbao kama zina mchwa. Na waya za umeme za zamani zikaguliwe na fundi mwenye leseni, hasa mkishafunga vipaza sauti vikubwa, maana waya uliowekwa kwa balbu nne haukupangiwa kinanda na spika.

Adui wa pili ni simiti. Kuta nyingi za zamani ziliunganishwa kwa mota laini ya chokaa. Mota ni ule mchanganyiko unaoshikilia jiwe na jiwe. Jaribu kuikwaruza kwa msumari mahali pasipoonekana: ikimomonyoka kwa urahisi na rangi yake ni ya kuelekea weupe, yaelekea ni chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunywa unyevu wakati wa mvua na kuutoa polepole kupitia mota. Ukiziba viungo kwa simiti, ambayo mara nyingi ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, unyevu hukosa pa kutokea. Utatokea kwenye uso wa jiwe, na jiwe litaanza kubanduka maganda. Miaka michache baadaye mtasema jiwe lilikuwa bovu, kumbe dawa ndiyo iliyoua mgonjwa.

Tumia chokaa: kipimo kimoja cha chokaa ya kujengea kwa vitatu vya mchanga safi uliochekechwa. Kiungo kisafishwe kwa mkono, si kwa mashine ya kukata, kilowanishwe, kijazwe, kisha kifunikwe na gunia bichi kwa siku kadhaa, kwa sababu chokaa hukauka taratibu na jua kali huipasua. Mafundi wavae glavu na miwani. Chokaa huunguza macho. Mfuko wa chokaa hauwezi kuwafilisi. Gharama iko kwenye muda wa fundi, na kwenye kumpata anayekubali kuacha haraka. Mwambie ajaribu mita moja ya mraba upande wa nyuma, mngoje ikauke, ndipo mkubaliane bei. Rangi ya mafuta kwenye mawe, asidi ya kusafishia, na mashine ya kupuliza mchanga, zikataeni zote tatu.

Na kama kweli nafasi haitoshi? Jengeni jipya pembeni. Hilo linahitaji idhini ya mipango ya kaunti kama jengo lolote, kwa hiyo mwambieni mchoraji ramani tangu mwanzo kwamba la zamani linabaki, na ampeni ule ukurasa mmoja wa taarifa. La zamani litumike: ibada ya alfajiri, harusi ndogo, darasa la katekisimu, chumba cha kumbukumbu cha kuwekea vitabu vya ubatizo na picha. Jengo lililofungwa kufuli huoza haraka kuliko linalotumika.

Kama kamati bado ina shaka, ipelekeni Thogoto. Pandeni matatu ya Kikuyu kutoka Nairobi, kisha bodaboda au mwendo mfupi wa miguu hadi kwenye kanisa; kila mtu pale anaijua njia. Msiende Jumapili saa ya ibada kwa ajili ya kupiga picha. Nendeni siku ya kazi asubuhi, mfike kwanza ofisi ya parokia mjitambulishe na kuomba ruhusa. Hapo ni mahali pa ibada, hivyo hamtakatiwa tiketi, lakini sadaka kidogo ni uungwana. Tazameni viungo vya mawe na mifereji ya maji, ombeni kuonyeshwa makaburi, na mwulizeni mnayempata ofisini ni nani hupanda ngazi kusafisha gata, na hulipwa kiasi gani.